Kocha kanishusha kutoka namba kumi hadi namba sita, nikubali?

*Shikamoo kocha. Nina miaka 16, natumia mguu wa kushoto, urefu wangu sentimita 164. Tangu utotoni nacheza namba kumi, yaani kiungo mshambuliaji, na msimu uliopita nilifunga mabao 11. Kocha mpya amenirudisha namba sita, kiungo mkabaji mbele ya mabeki. Miezi mitatu sasa nimefunga moja tu. Mipira naipata mingi kuliko zamani, lakini pasi zangu nyingi zinarudi nyuma, na nikibanwa kutoka mgongoni napoteza. Ikifika dakika ya 60 miguu inakufa. Nikipanda kocha ananipigia kelele "Kaa!" Mjomba wangu, ambaye ndiye ananinunulia viatu, anasema kipaji changu kinaharibiwa na nihame timu. Mwezi ujao kuna majaribio kwenye klabu kubwa na fomu inataka niandike nafasi ninayocheza. Nafasi yangu hasa ni ipi?*

Marahaba, kijana wangu. Nitangulize jibu, sababu zifuate. Usihame timu, usikatae namba sita, ila usidhani kwamba ndipo utakapozeekea. Kwa ulivyojieleza, nakuona ukifika miaka 19 au 20 ukiwa namba nane, kiungo wa kupanda na kushuka, upande wa kushoto kwenye viungo watatu, na njia ya kufika huko inapitia hapohapo ulipowekwa sasa. Kwa hilo kocha wako yuko sahihi. Kwa hilo la "Kaa!" nadhani hamjaelewana, nitalirudia.

Yale mabao 11 yaweke pembeni kwanza. Namba kumi wa miaka 15 hufunga kwa sababu nyingi, na baadhi hazina uhusiano na kipaji: mabeki wa umri huo husinzia, makipa hawajafikia urefu wao, timu moja huizidi nyingine kwa mbali. Ligi ya vijana inapokuwa ngumu, mabao ya aina hiyo hukauka, na anayejulikana kwa mabao peke yake hubaki hana la kuonyesha. Mimi nimevutiwa na sentensi uliyoipita haraka, kwamba siku hizi unapata mipira mingi kuliko zamani. Mchezaji asiyeelewa mchezo hapati mipira mingi akiwa namba sita, kwa sababu mabeki wake hawamwamini. Wenzako wanakupa. Hiyo ni kura, na wameipiga wanaokuona kwa karibu kuliko mimi na mjomba wako.

Watu wakibishana kuhusu sita, nane na kumi huishia kwenye nani anakaba na nani anashambulia. Mimi huangalia jambo jingine: mpira unakufikia ukitokea wapi, na wapinzani wangapi wako mahali usipoweza kuwaona. Namba kumi hupokea kati ya viungo na mabeki wa wapinzani, mara nyingi akiwa amelipa mgongo goli analolishambulia. Muda wake ni mfupi mno, lakini akipoteza, nyuma yake kuna wenzake wengi wa kurekebisha. Namba sita hupokea kutoka kwa mabeki wake wa kati, na akipoteza hapo, kati ya wapinzani na goli wamebaki mabeki wawili na kipa. Namba nane hakai mahali pamoja. Anashuka kusaidia mpira utoke nyuma, anafika kwenye boksi krosi inapopigwa, halafu anarudi mbio. Nafasi hiyo inadai mapafu kabla ya kitu kingine chochote, na mapafu hayo wewe bado huna.

Sasa tuje kwenye pasi zako zinazorudi nyuma. Nina dhana moja, na nataka uipime mwenyewe. Tuseme beki wa kati wa kulia ana mpira na wewe uko mbele yake, katikati ya uwanja. Ukisimama ubavu, uso ukielekea mstari wa pembeni wa kulia, bega lako la kushoto linaelekea goli la wapinzani. Mpira unakuja, unauacha upite mbele ya mwili, unaupokea kwa mguu wa mbali, ambao ni wa kushoto, na mguso huohuo mmoja unakugeuza uangalie mbele. Kwako hiyo ni raha tupu. Haya, mpira uwe kwa beki wa kati wa kushoto. Ukisimama ubavu ipasavyo, uso ukielekea mstari wa kushoto, mguu wa mbali sasa ni wa kulia, na wa kulia huuamini. Kwa hiyo unafanya kile wanachofanya vijana wengi wa mguu wa kushoto: unazungusha mwili mzima ili kushoto kuupate mpira, unajikuta umelitazama goli lako mwenyewe, na mshambuliaji wao, aliyekuwa akingoja ishara hiyohiyo, anakuvamia mgongoni. Hapo umebaki na mawili, kurudisha au kunyang'anywa.

Mwombe mtu akurekodi kwa simu. Asimame mahali palipoinuka kidogo, na akufuate wewe, asiufuate mpira. Kisha kaa uhesabu: mipira uliyopoteza au kurudisha ilitoka upande gani? Nikisikia kwamba mingi ilitoka kulia nitashangaa sana.

Kama ni hivyo, dawa yake si kuwa na miguu miwili inayolingana. Miaka 16 umechelewa kidogo kwa ndoto hiyo, na wala huihitaji. Mguu wako wa kulia unatakiwa kujua mambo mawili tu: kuupokea mpira ukiwa umefungua mwili, na kupiga pasi ya chini ya mita 15 bila kusita. Tafuta ukuta, piga kwa kushoto, pokea kwa kulia huku ukigeuka, na kila siku badilisha pembe unayosimamia. Dakika 15 kwa siku zinatosha. Mashuti ya mguu wa kulia waachie wengine.

Halafu kuna macho. Profesa Geir Jordet wa Norway amefanya utafiti mwingi wa kurekodi wachezaji na kuhesabu ni mara ngapi wanageuza kichwa kabla mpira haujawafikia. Alipowachunguza wachezaji wa Ligi Kuu ya England, wale waliotazama zaidi ndio waliofikisha pasi nyingi zaidi, hasa za kwenda mbele, na Frank Lampard na Steven Gerrard walikuwa miongoni mwa waliotazama kuliko wote. Makocha wengi wanalijua hilo siku hizi, ndiyo maana uwanjani unasikia "Angalia bega!" kila dakika. Shida ni kwamba kijana anageuza shingo na haoni kitu. Nimewaona wakizungusha vichwa kwa bidii, kisha wanageukia palepale aliposimama adui.

Kutazama kuna wakati wake. Mpira ukiwa mguuni mwa mwenzako anayetaka kupiga, unalazimika kumtazama yeye. Lakini ukishapigwa na unabingirika, hauwezi kubadilisha njia, na hapo ndipo macho yako yako huru. Vijana wengi hufanya kinyume: wanautumbulia macho mpira unaposafiri, sekunde ileile ambayo picha nyuma yao inabadilika. Wewe tazama mara moja kabla pasi haijaondoka na mara moja ikiwa njiani. Na uwe na swali kichwani. Je, ninaweza kugeuka? Kama hapana, nani yuko peke yake? Yale mazoezi ya kocha kusimama nyuma yako akionyesha vidole ili uvihesabu, mimi siyapendi. Vidole havikimbii kukunyang'anya mpira. Rondo, yaani watano wanapasiana na wawili wanauwinda mpira, kwenye eneo dogo inafundisha zaidi, mradi useme kwa sauti jina la utakayempa kabla mpira haujakufikia.

Hii ndiyo sababu nasema namba sita ni shule yako kwa sasa. Ukiwa namba kumi, ungeweza kufika miaka 20 bila udhaifu huu kuonekana, kwa sababu pale ukipoteza mpira kocha anapiga makofi na kusema umejaribu vizuri. Ukiwa namba sita unaonekana kila wiki, na unaumiza. Ni bora uumie sasa, kwenye ligi ambayo mwakani hakuna atakayeikumbuka.

Mjomba wako anaona kwamba kushushwa ni kushuka thamani. Mwambie, kwa heshima, habari za Andrea Pirlo, kiungo wa zamani wa Italia. Alikua akiwa namba kumi. Mwanzoni mwa 2001, akiwa na miaka 21, Inter walimpeleka kwa mkopo Brescia, ambako namba kumi alikuwa Roberto Baggio, na hakuna aliyekuwa anamwondoa Baggio. Kocha Carlo Mazzone akamshusha mbele ya mabeki. Baadaye kocha Carlo Ancelotti akaendelea kumtumia nafasi hiyohiyo kwenye klabu ya AC Milan, na dunia nzima ikamjua kwa nafasi hiyo. Bastian Schweinsteiger alikuwa winga mpaka kocha Louis van Gaal alipofika Bayern Munich mwaka 2009 na kumwingiza katikati. Yaya Touré ndiye ninayempenda kuliko wote katika mfano huu: fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2009 aliicheza akiwa beki wa kati wa Barcelona, na msimu wa 2013/14 akafunga mabao 20 ya ligi akiwa kiungo wa Manchester City. Mtu yuleyule, miguu ileile.

Lakini nisikudanganye kwa majina makubwa. Tunawataja hao kwa sababu walifaulu. Wapo vijana wasiohesabika walioshushwa, wakapandishwa, wakapelekwa pembeni, na hawakutoka popote. Kilichowatofautisha wakina Pirlo ni kwamba kila mmoja alibeba silaha moja aliyokuwa nayo tayari na nafasi mpya ikampa uwanja wa kuitumia. Pirlo alikuwa na pasi ndefu, na kule nyuma akapata muda wa kuipiga. Kwa hiyo jiulize silaha yako ni ipi. Hukuniandikia, na hilo limenifanya nijiulize kama unaijua. Usiniambie chenga. Kila namba kumi wa miaka 16 ana chenga.

Ndiyo maana sikupi namba sita ya kudumu. Kiungo mkabaji anayeishi miaka mingi kwenye nafasi hiyo hufurahia mambo usiyoyafurahia. Barua yako nzima haina neno hata moja kuhusu kukaba, kusoma pasi ya adui, au kuziba njia. Mtu wa namba sita hasa, mfano wa Sergio Busquets aliyekuwa Barcelona, hupata raha kwa kusimama mahali ambapo pasi ingepita, ikaacha kupigwa. Hakuna anayempigia makofi kwa hilo na wala hajali. Wewe unataka kupanda. Hiyo ni tabia ya namba nane, na tabia ni ngumu kuibadilisha kuliko mguu wa kulia. Na kwa nini kushoto? Kwa sababu namba nane wa kushoto hupokea mipira mingi ikitokea katikati, kwa namba sita, na mpira unaotokea huko hukukuta mguu wa kushoto ukiwa ndio mguu wa mbali. Unafungua mwili bila kufikiri, na pasi ya kupenyeza nyuma ya beki wa pembeni inakuwa tayari.

Kuhusu mwili. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi zaidi wakiwa na miaka kama 14, lakini wapo wanaochelewa hadi 15 au 16, na sentimita zako 164 zinanifanya nishuku kwamba wewe ni mmoja wao. Jipime kila baada ya miezi mitatu, asubuhi, ukutani, bila viatu. Kama bado unaongezeka haraka, hiyo peke yake inaeleza sehemu ya miguu kufa: mifupa inatangulia, misuli inafuata, na kwa muda hata mguso wa kwanza unaharibika. Maumivu chini ya goti au kwenye kisigino kipindi hiki ni ya kawaida kwa vijana wanaokimbia sana, ila si ya kuvumilia kimya. Mwambie kocha apunguze mzigo, na yakizidi nenda hospitali. Kama pumzi inakata hata kwenye mazoezi mepesi, hapo pia kapime, usisingizie kukua.

Kiungo Rodri, aliyetwaa Ballon d'Or ya 2024, tuzo ya mchezaji bora wa dunia, aliondoka kwenye timu za vijana za Atlético Madrid akiwa na miaka 17, akionekana hana nguvu za kutosha. Villarreal wakamchukua, na Atlético wakaja kumnunua 2018. Luka Modrić, mshindi wa tuzo hiyo 2018, akiwa na miaka 18 alikuwa kwa mkopo kwenye ligi ya Bosnia, ambako wengi walimwona mdogo mno kwa mikiki ile. Huwezi kuchagua nafasi ya maisha kwa mwili ambao bado haujamalizika kujengwa. Wale wanaokusukuma sasa wamekua mapema, na wengi wao hawajawahi kulazimika kufikiri kabla ya mpira kufika. Wewe umelazimika.

Nguvu zinajengwa. Mazoezi ya uzito chini ya mtu anayejua hayamfupishi kijana. Hizo ni hadithi za vijiweni. Anza na uzito wa mwili wako: kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kunyanyua visigino, kukaza tumbo. FIFA wana programu ya kupasha misuli iitwayo FIFA 11+, inachukua kama dakika 20, na imethibitika kupunguza majeraha kwa wachezaji vijana wanaoifanya mara kwa mara. Lala kwa muda wa saa nane hadi kumi kila usiku. Na jumlisha mechi unazocheza kwa wiki: klabu, shule, na zile za jioni na marafiki. Wengi wanaoniuliza kuhusu pumzi wamechoka tu.

Jambo jingine kuhusu dakika ya 60. Namba kumi aliyeshushwa hukimbia vibaya. Anaufuata mpira kila unapokwenda, kwa sababu mbele hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kwenye video, tazama kipindi ambacho wapinzani wana mpira pembeni. Kama na wewe uko pembeni, nimeshajua miguu inafia wapi. Namba sita anasogea mita tano, tatu, tano, akilinda njia ya pasi inayokwenda kwa namba kumi wao. Pembeni kuna wenyewe.

Nirudi kwenye "Kaa!" Inawezekana kocha wako anaogopa tu, wapo wa aina hiyo. Ila inawezekana zaidi kwamba anapiga kelele hizo wakati mabeki wako wote wa pembeni wamepanda. Mabeki hao wakiwa juu, wewe ndiye mtu wa tatu wa kuzuia shambulizi la kushtukiza, pamoja na mabeki wa kati. Ukipanda hapo, ni kosa. Lakini beki mmoja wa pembeni akibaki, au kiungo mwenzako akashuka kukufunika, mlango uko wazi na unaruhusiwa kupita. Usimwulize: "Kwa nini unanikataza kupanda?" Mwulize: "Kocha, ni wakati gani naruhusiwa kupanda, na nani anabaki badala yangu?" Swali la kwanza ni malalamiko, la pili ni la mchezaji. Muulize siku ya mazoezi, mapema, wenzako hawajafika. Usimfuate dakika tano baada ya kufungwa, na mjomba asiwepo. Kisha omba dakika 20 za namba nane kwenye mechi ya kirafiki. Kocha aliyemwona kijana akikubali namba sita kwa miezi mitatu bila kununa ni vigumu kumnyima hilo.

Mjomba anastahili shukrani kwa viatu, na anastahili kuelezwa. Mkalishe, mwonyeshe video, mwonyeshe mipira ile ya upande wa kushoto. Nimeona wazazi na walezi wakibadilika kabisa wakishaelewa wanachokitazama. Kwa sasa anahesabu mabao kwa sababu hajapewa kingine cha kuhesabu. Mpe hiki: mara ngapi umepokea ukageuka mbele, na mara ngapi umepoteza ukiwa nusu yenu ya uwanja. Hesabu ya kwanza ipande, ya pili ishuke, mechi hadi mechi.

Kwenye majaribio, viungo washambuliaji huwa wamejaa, kila mmoja anataka kupiga chenga tatu ili aonekane. Hamfahamiani, hakuna anayetoa pasi, na wanaochagua wanachoka kuwatazama. Katika fujo hiyo, kijana anayepokea akiwa amefungua mwili, anatoa kwa mguso mmoja au miwili, anamwambia mwenzake "Mtu!" au "Geuka!" kwa wakati, anaonekana haraka kuliko unavyodhani. Usijaribu bao la mwaka. Mipira yako mitano ya kwanza iwe pasi rahisi zilizofika.

Kuhusu fomu: andika namba nane, ya pili namba sita. Kumi usiiandike. Wakikuuliza uwanjani kama unaweza kucheza kumi, sema ndiyo, ucheze.